Tumefungwa: Sarufi ya Shabiki Baada ya Kombe Kuponyoka

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilifundisha viambishi vya nafsi kwa mifano ya vitabuni: ninasoma, tunalima, wanacheza. Wanafunzi walinakili, wakajibu mtihani, wakaendelea na mambo mengine. Tangu nistaafu na kutulia hapa Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, nimeona kwamba mpira wa miguu hulifundisha somo hilo vizuri kuliko kitabu chochote, na kwamba kipindi chake kitamu zaidi huanza pale kipyenga cha mwisho kinapolia na kombe limekwenda kwa wengine.

Niseme mapema kwamba mimi ni mwana Yanga. Niliipenda timu hii nikiwa kijana, enzi za kusikiliza mpira redioni, na sijapata sababu ya kuiacha. Kwa hiyo mfano wangu mkuu ni fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ya mwaka 2023, jeraha ambalo kila Mwananchi analijua.

Safari ile ilianzia kwenye kuanguka. Al Hilal ya Sudan ilitutoa katika Ligi ya Mabingwa, tukateremshwa Kombe la Shirikisho, na huko tukaenda Tunis kuitoa Club Africain kwa bao moja. Tukavuka kundi lililokuwa na TP Mazembe, US Monastir na Real Bamako. Tukaiondoa Rivers United ya Nigeria, kisha Marumo Gallants ya Afrika Kusini. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa akitoa fedha kwa kila bao, na hata bibi asiyejua kuotea ni nini alijua thamani ya bao la Mayele. Fainali tukakutana na USM Alger ya Algeria. Tarehe 28 Mei, Dar es Salaam, tulifungwa 2–1. Mayele alisawazisha dakika ya 82, na kabla shangwe haijatua, dakika mbili baadaye, wageni wakapata la pili. Tarehe 3 Juni, mjini Algiers, Djuma Shabani alifunga kwa penalti dakika ya 7, tukalilinda bao hilo mpaka mwisho. Tulishinda 1–0 katika uwanja uliojaa watu wao. Kombe likabaki kwao.

Mchezo huo wa marudiano niliutazama katika kibanda umiza kilicho karibu na nyumbani, jina linaloyaeleza vyema mabenchi yake. Walikuwamo wakulima wa zabibu, waendesha bodaboda, vijana wa mashineni, na wengi wao niliwahi kuwafundisha au kuwafundisha wazazi wao. Mwamuzi alipomaliza mchezo palikuwa kimya. Kisha watu wakaanza kusema, nami, kwa mazoea ya kazi niliyoiacha, nikawa nasikiliza vitenzi.

Wa kwanza, mzee mwenzangu, alisema: “Tumefungwa.” Kijana aliyekaa mbele akageuka: “Mwalimu, hawa jamaa wametuangusha.” Mwingine, ambaye wiki nzima alikuwa amevaa jezi ya kijani na njano, alisema akiwa anatoka: “Si wamefungwa? Nilijua.” Na mwenye kibanda, akihesabu viingilio vyake, akahitimisha: “Basi, timu imefungwa, tufunge na sisi.”

Zitazameni sentensi hizo nne. Tukio ni moja, na hakuna aliyesema uongo. Lakini katika *tumefungwa*, msemaji yumo ndani ya uwanja: *tu-* ya wachezaji na *tu-* ya benchi la mbao ni moja. Katika *wametuangusha*, nyumba imegawanyika: kiambishi cha mtenda kimekuwa *wa-*, sisi tumehamia nafasi ya mtendwa, na wale waliokuwa ndugu zetu mpaka dakika ya 90 sasa wanatudai hesabu. Katika *wamefungwa*, msemaji hayumo kabisa; *tu-* imevuliwa pamoja na jezi. Na katika *imefungwa*, timu imeingia ngeli ya I-ZI, pamoja na redio, baiskeli na nyumba. Imekuwa kitu.

Naamini mtazamo wa shabiki kuhusu klabu yake uko hapo, kwenye silabi moja ya mwanzo. Siku ya ushindi hauwezi kupimwa, maana siku hiyo kila mtu husema *tumeshinda*, hata yule aliyeuliza jina la kipa asubuhi. Ni kufungwa kunakotenganisha *tu-* ya kuazima na *tu-* ya kumiliki. Na jina tunalojiita linatubana zaidi: *wananchi* ni wenye nchi, si wapita njia. Anayejiita Mwananchi kisha akasema *wamefungwa* amejipinga mwenyewe kwa maneno mawili.

Sasa tuje kwenye mzizi wa kitenzi chenyewe. Kiswahili kimempa mtu wa mpira *funga*, neno lilelile la mlango, la kamba, la gereza na la Ramadhani. Ndiyo maana *tumefungwa* huuma: anayefungwa amezuiliwa, hana pa kwenda. Lakini kwa fainali ile, neno hilo halitoshi. Ukijumlisha michezo miwili, mabao yalikuwa mawili kwa mawili, na waandishi wa michezo wana kauli yao kwa hali hiyo: timu *zilifungana*. Ni kauli ya kutendana, kama kupendana na kuazimana. Tuliwafunga, wakatufunga, kwa idadi ileile. Kilichoamua ni kanuni ya bao la ugenini: wao walipata mawili kwetu, sisi moja kwao. Ulaya kanuni hiyo ilianza kutumika mwaka 1965, na UEFA ikaiondoa mwaka 2021. CAF bado iliishika, na kila klabu iliyoingia mashindano ilijua hivyo. Sina shauri la kukata rufaa; nalitaja kwa sababu ya lugha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tarehe 28 Mei mgeni alikuja, na mwenyeji hajapona mpaka leo.

*Kushindwa* nako hakufai sana. Neno hilo hubeba maana mbili: kuzidiwa na mwingine, na kutoweza. Tulizidiwa kwa kanuni, sawa. Lakini timu iliyoshinda Algiers mchezo wa mwisho haikuwa timu isiyoweza. Neno ninaloliona linafaa ni *kukosa*. Tulikosa kombe, kama mtu anavyokosa basi kwa hatua mbili, kama mwindaji anavyokosa paa aliyekwisha kumwona. Tukakosa tena Aprili 2024, katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa: na Mamelodi Sundowns hatukufungana hata bao moja katika dakika 180, mpira wa Aziz Ki uligonga mwamba ukadundia chini na mwamuzi akakataa kwamba umevuka mstari, kisha tukatolewa kwa penalti 3–2. Anayekosa alikuwa karibu. Kwa hiyo kitenzi hiki kinafariji na kinachoma kwa wakati mmoja, na mtu mkweli hana budi kupokea yote mawili.

Kuna mazungumzo mengine ambayo hayakwepeki baada ya fainali, nayo ni ya watani. Jirani yangu ni mtu wa Simba tangu jina lake halijaandikwa shuleni. Asubuhi ile alikuja na chupa ya chai, akaketi, akaanza kunipa pole kwa sauti ya matangani. Nilimwacha, kwa sababu ana haki. Katika mila za makabila yetu mengi mtani ana kazi msibani: humwigiza marehemu, huzuia shughuli mpaka apewe chochote, akawachekesha wafiwa katikati ya kilio. Lakini mtani huyohuyo hushika jembe kaburini. Utani wa Simba na Yanga ukifuata desturi hiyo una heshima yake. Ukibaki kejeli tupu isiyobeba jeneza, hapo umekwisha kuwa ugomvi.

Nataja msiba kwa makusudi. Siku ya mchezo wa kwanza, mtu mmoja alifariki na wengine wakajeruhiwa katika msongamano wa kuingia Uwanja wa Benjamin Mkapa. Mtu huyo alitoka kwake kwenda kuangalia mpira. Usiku ule tulilia bao la dakika ya 84, na kuna nyumba iliyokuwa ikilia jambo ambalo halina marudiano. Tangu hapo nimeacha kuita kufungwa kwa timu *msiba*, na huwasihi vijana wa kibandani waache vilevile. Tuna maneno ya kutosha: uchungu, simanzi, fadhaa, majonzi. *Msiba* tuwaachie waliofiwa. Naona hilo ni sehemu ya adabu ya ushabiki: kujua uchungu wako una kimo gani, usiuinue juu ya uchungu wa wenye uchungu.

Baada ya miaka miwili zamu ikageuka. Mei 2025 Simba walifika fainali ileile. Walifungwa 2–0 na RS Berkane nchini Morocco, na marudiano yakachezwa Uwanja wa Amaan, Unguja. Joshua Mutale akawapa bao la matumaini mapema, na katika dakika za nyongeza Berkane wakasawazisha. Jumla ikawa 3–1. Nilichemsha chai yangu, nikaivusha barabara, nikatoa pole kwa sauti ileile niliyoazimwa mwaka 2023. Jirani akacheka. Tulipokwisha kucheka akasema, taratibu, “Hii ni ya pili kwetu, Mwalimu.” Alikuwa anakumbuka mwaka 1993, fainali ya Kombe la CAF: sare ya bila kufungana ugenini dhidi ya Stella ya Abidjan, kisha kufungwa 2–0 Dar es Salaam, nyumbani, kombe likiwa tayari limenukia. Mimi na yeye tulikuwa na miaka thelathini na ushei. Nilisikia alivyosema: *kwetu*. Miaka thelathini na miwili imepita, na kiambishi chake hakijateleza. Siku hiyo niliona kwamba mimi naye tunafanana zaidi kuliko ninavyofanana na yule kijana mwenye jezi yangu aliyesema *wamefungwa*.

Fainali tatu za Afrika, basi, mbili za Msimbazi na moja ya Jangwani, na makombe yote matatu yamekwenda kwingine. Kila mara watu hunena ule msemo wa viwanjani, kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Naukubali, ila naomba tuusome vizuri. *Kukubali* si *kuzoea*. Anayekubali amelitazama jambo, amelipima na amelipokea. Bado anauliza kwa nini tulilegea dakika mbili tu baada ya kusawazisha. Aliyezoea haulizi chochote. Klabu iliyoanzishwa mwaka 1935 imeona vizazi vya mashabiki vikizaliwa na kuzikwa. Haihitaji tuinyamazie, wala haihitaji tuitukane. Inahitaji watu wanaoikosoa kwa nafsi ya kwanza wingi: *tulilegea*, *tulichelewa kurudi nyuma*, *tujirekebishe hapa*. Lawama ikianza na *tu-*, hata ikiwa kali, hubaki ndani ya familia. Na kwa haki ya timu ile, siku chache baada ya Algiers ilikwenda Mkwakwani, Tanga, ikaifunga Azam 1–0 na kuchukua Kombe la Shirikisho la nyumbani. Wachezaji walikuwa wamekwisha kuinuka wakati sisi wa kibandani bado tunahesabu mabao ya ugenini.

Ubeti huu niliuandika wiki ile, ukutani pa karatasi ya kalenda, nikiwafikiria waliovua jezi na waliobaki nayo:

Siku ya kushangilia, kila mtu husema “tu”,
Kombe likitukimbia, hubaki wachache watu,
Wengine hujivulia, jezi kama si ya kwetu,
Mimi hapa nasalia, machozi pia ni yetu.

Washairi mtaona kwamba vina vya utao vimenisaidia: *tu* ya kiambishi, *tu* ya watu, *tu* ya kwetu na ya yetu. Sikuvitafuta sana, lugha ilikuwa imekwisha kuvipanga.

Limebaki neno moja, nalo ni *shinda*. Lina maana ya kumzidi mwenzako, na lina maana ya kukaa kutwa: tumeshinda shambani, ameshinda njaa. Wako wanaoyahesabu kuwa maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu, nami sibishani nao. Nasema tu kwamba hapa Makutupora, jioni ya tarehe 4 Juni 2023, watu walipokuwa wakirudi kutoka kwenye mizabibu yao, walinisalimu kama kila siku: “Mwalimu, umeshindaje?” Wote walijua nilivyolala. Nikawajibu kwamba tumeshinda salama.