Kioo cha Kumetameta

Ving'aavyo vyote si dhahabu. Methali hii nimeitumia kufungulia insha si mara moja si mbili, na alama nimepata. Hata hivyo, siku niliyosimama mbele ya king'aacho chenyewe, nusura initoroke.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Dada yangu alikuwa ameitwa chuo kikuu, na Mama alikuwa ameuza mtamba wake wa pekee ili amnunulie kipakatalishi. Shilingi 45,000 alizifunga kwenye kitambaa, akakitia kifuani. Tulidamka alfajiri, tukapanda matatu kutoka Mwingi hadi Nairobi, tukaelekea Barabara ya Luthuli. Mimi nilichukuliwa kwa sababu, kwa maneno ya Mama, "wewe ndiye unasoma hayo mambo ya stima." Ajabu ni kwamba stima yenyewe kwetu haijafika. Simu tunachajisha kwa kinyozi sokoni.

Mwuzaji, kijana mcheshi, alituwekea viwili mezani, vyote vimetumika ng'ambo, bei sawa. Cha kwanza, lo! Kioo chake kilikuwa na pikseli 3840 kwa 2160, yaani vile vitone vinavyounda picha vilizidi milioni 8. Alipowasha filamu ya simba, ungehesabu manyoya. Cha pili kilikuwa na 1920 kwa 1080, vitone milioni 2 hivi, na rangi zake zimefifia kama leso iliyofuliwa sana.

"Mama, chukua hii," kijana akasema. "Hata betri ni kubwa. Hii ni 5,200, hiyo nyingine ni 4,900 tu."

Dada akanitazama. Nami, nisiseme uongo, moyo ulikuwa umeshachagua. Nilikuwa nikiziona mechi nitakazotazama. Nilifungua mdomo niseme "sawa", kisha nikajiuliza, 5,200 nini?

Nikaomba tuonyeshwe lebo za betri. Kijana alicheka, lakini bisibisi akachukua. Cha kwanza kiliandikwa 5,200 mAh, volti 7.6. Cha pili, 4,900 mAh, volti 11.4. Basi! Mwalimu wetu wa fizikia ametuimbia wimbo huu mpaka tukachoka: mkondo bila volti haukuambii nishati. Nilizidisha nyuma ya tikiti ya matatu. Ile betri "kubwa" ilikuwa ya wati-saa 39.5, na "ndogo" wati-saa 55.9.

Isitoshe, vitone vingi ni walafi. Vikisongamana, mwanga wa nyuma ya kioo hupenya kwa taabu, kwa hivyo lazima uongezwe, na mashine ina vitone mara 4 vya kuchora. Halafu herufi huwa ndogo kama sisimizi mpaka uzikuze, kwa hivyo mwenye kuandika insha hapati nafasi zaidi, anapata tu herufi laini zaidi.

Betri kuukuu nazo huchoka. Tuliomba ripoti ya betri kwenye tarakilishi zenyewe: ya kwanza ilikuwa imebaki na wati-saa 33, ya pili 47. Nikikisia wati 13 kwa kile na 8 kwa hiki, nilipata saa mbili na nusu dhidi ya karibu saa sita.

"Ni gani?" Mama akauliza.

Nikakiangalia kile kioo cha simba mara ya mwisho, nikaelekeza kidole kwa kile kingine. Mama akafungua kitambaa. Dada alinuna mpaka Matuu.

Usiku huo Mama alitaka kuona kilichommeza mtamba wake. Dada akafungua picha ya huyo mtamba, tuliyokuwa tumeipiga kwa simu kabla hajaenda mnadani. Mama akasogeza uso karibu.

"Rangi si yake hii," akasema. "Alikuwa mwekundu kuliko hivi."

Sikuwa na la kujibu. Saa nne taa ya sola ilizimika. Kipakatalishi kilisoma asilimia 61, na Dada alikuwa bado ameinama juu yake, akijifunza kuchapa.