Barua kwa Bakari: Rasimu Iache Ichafuke

Msambweni

Mwanangu Bakari,

Sisi huku wazima. Goti la baba yako ni lilelile, na mvua imeipata mihogo kwa wakati wake. Nimeshika kalamu kwa sababu ya kijitabu.

Mjukuu wa jirani, yule unayemfundisha kidato cha tatu, amerudi likizo na karatasi za fotokopi zilizobanwa pini: insha kumi "zilizoiva", shilingi 50. Watu wanasema muuzaji ni wewe. Sikutaka kusadiki. Nikamwita mtoto barazani, nikamwuliza kama mwalimu hakuwafundisha hatua za kuandika. Akanihesabia kwa vidole bila kukwama: kupanga, rasimu, kupitia, kuhariri, nakala safi. Haya, nikamwambia, niandikie juu ya foleni ya maji pale kisimani kwenu. Akaandika jogoo amewika. Akaandika jua limechomoza na miale yake ya dhahabu. Kisha akaniinulia macho. Kisimani hakufika.

Hatua zote tano anazijua, baba, na hajapita hata moja.

Najua utanijibu kwa mtihani. Karatasi ya insha ya KCSE ni saa 1 na dakika 45, insha mbili, kila moja alama 20. Hayo nayajua. Lakini swali la kwanza ndilo la lazima, na aghalabu hutaka barua, hotuba, ripoti au kumbukumbu za mkutano. Huyo jogoo wako atawika ajenda ya ngapi? Dakika 50 za insha moja zinatosha kuwaza, kuchora mpango, kuandika na kujisomea upya, ila kwa mtoto aliyezoeshwa mapema, siku ambazo hana saa ya kumkimbiza. Sisi walimu wa msingi, kwenye KCPE, tulikuwa na dakika 40 tu, na watoto wangu walipanga kabla ya kuandika mpaka mtihani wenyewe ulipozikwa mwaka 2023.

Nikupe kisa kimoja. Darasa langu la sita lilikuwa na kijana, mwana wa mvuvi, mkimya. Niliwapa "Siku nisiyoisahau". Akaleta mistari mitatu: baba alikwenda baharini, upepo ukavuma, akarudi kesho yake. Mwalimu mwingine angempa alama 5 na kumwambia aongeze tamathali. Mimi niliiweka kalamu nyekundu mfukoni, nikakaa naye kwenye dawati. Mlimngojea wapi? Uani. Nani alikuwako? Mama. Alikuwa akifanya nini? Akanyamaza kidogo, akasema: "Alikuwa anakuna nazi, mwalimu. Nyama ikaisha, akawa anakuna kifuu."

Nikamwambia, hilo liandike.

Alirudi kesho yake na ukurasa mzima umechafuka, mishale huku na huku, maneno yamekatwa, "kifuu" kaandika "kifu". Sikuigusa tahajia. Nilimkalisha na mwenzake, mwenzake akamsomea kwa sauti, na yeye mwenyewe akasikia kwamba upepo ulikuwa umetajwa mara nne na mama yake mwishoni kabisa. Akampeleka mama juu. Upepo akauacha utajwe mara moja tu. Baada ya hapo ndipo tulipotafuta herufi zilizopotea, na baada ya hapo ndipo nakala safi. Wiki mbili zilikwenda kwa insha moja, na walimu wenzangu walinicheka. Leo kijana huyo ndiye katibu wa kamati ya ufukwe kwao; barua zao kwa serikali yeye ndiye anayeziandika.

Daftari lenye ukurasa huo ndilo lililoniponza. Alikuja mkaguzi, jina lake nimeliacha huko nyuma, akalifunua, akaona ile mishale. Akasema mbele ya wanafunzi kwamba mwalimu huyu hafundishi usafi. Ripoti ikaandikwa, na shangazi yako akastaafu bila kuonja ualimu mkuu, huku waliokuwa na madaftari yanayong'aa wakipandishwa. Sijutii. Nasema tu kwamba najua bei ya rasimu chafu, na niliilipa.

Na hiyo chati ya hatua tano uliyoibandika ukutani, usiifanye msahafu. Kwenye kozi tulisomeshwa habari za Janet Emig, Mmarekani aliyewakalisha vijana wanane wa darasa la 12 waandike huku wakisema kwa sauti wanachowaza. Kitabu kilitoka mwaka 1971. Aliwaona wakienda mbele na kurudi nyuma, wakipanga katikati ya sentensi, wakifuta kabla hawajamaliza. Mtoto akigundua kwenye rasimu kwamba mpango wake haufai, mwache arudi kupanga. Usimpigie kelele kwamba hatua hiyo imepita.

Turudi kwenye kijitabu. Usikichome. Kipeleke darasani, waulize wanafunzi aliyeandika alikuwa amesimama wapi, na kama anaijua hali ya hewa ya kwao. Watakuonyesha wenyewe uongo ulipo. Pesa zao warudishie, hata kama walikupa kwa hiari. Mwalimu hamwuzii mwanafunzi wake maneno. Halafu wape kitu kimoja walichokiona kwa macho, na mwezi mzima wa kukiandika.

Mengine ni machache. Mkopo wa sacco ulipe kabla ya kununua pikipiki. Porojo za ofisi ya walimu zisikie, usizitie chumvi. Mama yako mpigie simu. Kulalamika hajui, kulia anajua.

Likizo ya Agosti ukija, niletee rasimu za darasa zima. Nakala safi ziache hukohuko shuleni.

Msalimie mkeo. Mwambie mafuta ya nazi ya mtoto nitayatuma na basi la Ijumaa.

Ni mimi shangazi yako.