Klempu ya Bei ya Kutupa

Meza ya mninga ilifumuka maungio mbele ya mteja, siku mbili kabla ya harusi. Fundi wangu, pale Keko, hakunifokea. Alinipa klempu tu. Ni mimi niliyetumwa kuinunua. Nilichukua ya bei ya kutupa, chenji nikanywea soda.

"Kaza, bwana mdogo."

Nikakaza. Chuma kikapinda kama upinde, meno ya skrubu yakateleza. Kumbe gundi haikuwa na kosa! Isipobanwa sawasawa itashika nini?

Siku hizi rangi hainidanganyi. Dukani nabana kipande cha mbao, nachungulia taya zimekaa sambamba ama vipi, nakaza tena mpaka muuzaji ananuna. Na anune. Meza ile tuliirudia usiku kucha, tukaibana kwa mipira ya tyubu za baiskeli. Soda yenyewe ilikuwa ya moto.