Gunia Lililopungua

Kwetu ni Nyamyumba, kando ya Ziwa Kivu, karibu na mji wa Gisenyi. Hapa kuna kiwanda cha bia cha Bralirwa. Kila kinapopika hutoa machicha, na wafugaji huyagombania. Wanga wa nafaka huenda katika bia, lakini katika machicha hubaki protini nyingi, na ng'ombe akipewa kwa kiasi huongeza maziwa.

Baba ana ng'ombe mmoja tu, na karo yangu yatoka katika maziwa yake. Likizo iliyopita alinunua kwa jirani yetu gunia la machicha la kilo 50. Siku ya pili akalipima nyumbani, akakuta kilo 44. Hasira zikampanda. "Mtu huyu ametupunja kilo sita!" akasema. Jioni ile akamwita mwizi mbele za watu. Jirani hakujibu neno. Walikuwa marafiki tangu utoto wao.

Mimi sikulala vizuri. Asubuhi nikapima kilo 10 za machicha, nikayatandaza juu ya mkeka juani, nikawa nayageuza na kufukuza kuku. Mama akanicheka: "Mwanangu, shule imekufanya mlinzi wa kuku?" Siku ya nne, yalipokuwa hayapungui tena, mizani ilionyesha kilo 2 na robo. Basi katika kila kilo 10, karibu 8 zilikuwa maji! Nikamwonyesha baba mahali gunia lilipokuwa limewekwa: udongo umelowa, nzi wamejaa. Kilo zetu sita zilikuwa zimenywewa na ardhi.

Baba alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akachukua fimbo yake, akaenda kwa jirani, nami nikamfuata nyuma. Akamwomba radhi mbele ya watu wale wale waliosikia matusi. Sijapata kuona mtu mzima akifanya jambo gumu kuliko lile.

Tangu siku hiyo gunia letu hukaa juu ya mbao, na chini yake pana beseni. Maji yanayochuruzika twampa ng'ombe siku ile ile, kwa maana yakilala huchacha. Machicha ya akiba twayashindilia katika pipa na kulifunga kabisa hewa isiingie, maana yakiachwa wazi siku chache tu huota ukungu. Samadi nayo huenda kwenye maharagwe. Yote hayo nayaandika katika daftari: kilo zilizoingia, lita za maziwa zilizotoka, na ndoo za samadi.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami nimeona, wasomaji wapenzi, kwamba hata urafiki waweza kupotea hivyo hivyo.