Mtoe Huyu Mtu

Bibi yangu macho yake yana mtoto wa jicho, kwa hivyo senema kwake siku hizi ni masikio. Siku nilipomletea *Awara* ya Raj Kapoor, ile ya 1951, kwenye flashi niliyojaziwa Darajani, alisikiliza dakika tano tu, akasema, "Mtoe huyu mtu."

Mtu mwenyewe ni mtafsiri. Ndugu msomaji, watu hawa unawajua. Dar es Salaam alivuma Lufufu, Nairobi yuko DJ Afro, na Kampala wapo mavijei wanaotafsiri kwa Kiganda. Wanaichukua filamu ya kigeni wanaisimulia kwa lugha yetu, na watu wanacheka mpaka basi. Mie nawapenda, sikufichi. Lakini huyu wa flashi yangu alikuwa akisema mpaka kwenye nyimbo. Lata Mangeshkar anaimba, yeye anabwabwaja juu yake.

"Mie nimeiona hii Majestic, Vuga," bibi akanambia. "Onyesho la wanawake watupu. Tukilia mpaka mabuibui yanaroa. Hakukuwa na mtu wa kutupigia kelele."

"Nitamtoa, bibi."

Wengi wanadhani sauti imegandana na picha. Haikugandana. Faili la video ni kama pakacha: ndani mna picha mbali na sauti mbali, zimefungwa pamoja. Iko programu ya bure, MKVToolNix, inakuachia uchague ipi itoke na ipi iingie, na picha yenyewe haiguswi. Tabu ni kwamba sauti ya mtafsiri na ya filamu zilikwisha changanywa kama chai na maziwa, na kwa kompyuta yangu kuukuu sikuweza kuzitenga. Ilibidi nitafute sauti ya asili kwengine. Rafiki yangu alikuwa na nakala iliyotoka kwenye DVD: picha mbovu, sauti safi.

Nikaitia. Mwanzo ikakaa sawa. Baada ya saa moja, Nargis kafumba mdomo na sauti imo kwenye tukio jengine kabisa! Nilihangaika siku mbili. Kumbe filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde, na DVD za mtindo wa Ulaya huzikimbiza 25. Kila saa moja ya picha, sauti inatangulia dakika 2 na sekunde 24. Nikaipunguza kasi kwa programu ya Audacity, ikawa asilimia 96 ya ile ya mwanzo, na sauti nayo ikashuka, ikawa nzito kama inavyotakiwa. Kisha nikairudisha pakachani.

Usiku ule bibi hakulala. "Huyo ndo Raj Kapoor," akasema, wimbo ulipoanza. Sikuthubutu kumwambia kuwa anayeimba ni Mukesh, Raj Kapoor anafungua mdomo tu. Hata sauti niliyoihangaikia, kumbe nayo ilibandikwa.

Mdogo wangu akauliza, "Wanasema nini?"

Bibi Kihindi hajui zaidi ya maneno mawili matatu. Lakini akaanza kutusimulia: huyo hakimu ndo babake, na mwenyewe hajui, kamfukuza mamake na mimba tumboni. Akaingiza na habari za mwanamke mmoja wa mtaani kwetu, aliyefukuzwa vivyo hivyo zamani, habari ambazo sijapata kuzisikia. Wimbo ukianza, ananyamaza. Wimbo ukisha, anaendelea pale pale alipoachia.

Nilikuwa nimepakata daftari la riwaya yangu. Kurasa 60, na zote zinasema kama yule mtu wa kwenye flashi. Mhusika akilia, mimi naeleza kilio. Akinyamaza, naeleza kimya. Sikuwa nimemwachia msomaji hata wimbo mmoja asikilize mwenyewe. Asubuhi nilifuta kurasa 22.

Mtafsiri sikumfuta. Pakacha moja huchukua sauti zaidi ya moja, unachagua unapotizama, na mdogo wangu humsikiliza bibi akisha lala. Iko nafasi ya sauti ya tatu. Jumamosi, inshaallah, nitaiwasha tena *Awara*, niweke simu karibu na mto wa bibi inase, na mdogo wangu nimwambie aulize tena.