Baka la Mtoto si Hatia ya Mama

Katika mji wetu wa Tabora, mtoto azaliwapo, akina bibi humfunua nguo wakamtazama mwili wake wote. Wakiona baka, maneno huanza hata kabla ya akika. Huyu husema mwezi ulipatwa mama akiwa na mimba, naye akajishika mwilini. Yule husema alitamani kitu akanyimwa. Wa tatu, naye ndiye mbaya kuliko wote, hunong'ona kuwa mama ana dhambi aliyoificha. Tabora ni mji wa misafara. Watu wa Bagamoyo na watu wa Ujiji walikutana hapa tangu karne ya kumi na tisa, na kila mmoja alikuja na mzigo wake na itikadi za kwao. Mizigo iliuzwa ikaisha, itikadi zimebaki.

Sisi tunaofundisha watoto Kurani twayaona matunda ya maneno hayo. Tulipata kuletewa mtoto wa kike, umri wake hata miaka saba haujatimia, amefungwa mtandio mpaka puani. Alikuwa na baka jekundu shavuni, upana wake kama kiganja chake mwenyewe. Mtandio ule haukuwa sitara ya dini. Ulikuwa ni aibu ya wakubwa waliyomvika mtoto. Na baba yake alikwisha kutamka kuwa atamrudisha mkewe kwao. Tulimwita bwana yule, tukakaa naye baada ya sala ya alasiri, tukamweleza haya tuyaandikayo leo, kwa kuwa hapana shaka wako wengi walio katika hali yake.

Tuanze na la dini. Mtume s.a.w. alipofiwa na mwanawe Ibrahim, jua lilipatwa siku ile ile, watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Mtume akawakanya, akawafundisha kuwa jua na mwezi ni ishara katika ishara za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuwa hai kwake. Basi ikiwa jua halikupatwa kwa ajili ya mwana wa Mtume, vipi mwezi upatwe, kisha ushuke kumpaka rangi mtoto wa jirani yetu?

Sasa la utabibu. Mabaka mengi ni mishipa midogo ya damu iliyokusanyika mahali pamoja, au ni chembe zinazoipa ngozi rangi zilizozidi mahali hapo. Si kwa alichokula mama, wala alichokitamani, wala alichokitenda. Lakini mabaka si ya namna moja, na mzazi yampasa ayajue.

Liko la rangi ya buluu au kijivu, kiunoni na makalioni. Watoto wengi wa Kiafrika huzaliwa nalo. Haliumi, halitaki dawa, na kwa kawaida hufifia lenyewe miaka ya utoto. Ubaya wake ni kuwa lafanana na alama ya kipigo, na yaya aweza kusingiziwa kwamba amempiga mtoto. Heri liandikwe katika kadi ya mtoto tangu mwanzo.

Uko uvimbe mwekundu, laini, ambao mara nyingi hujitokeza katika wiki za kwanza. Hukua upesi kwa miezi mitano hivi, kisha husinyaa polepole kwa miaka. Mwingi wautaka subira tu. Lakini ukiwa karibu na jicho waweza kulizuia lisijifunze kuona. Ukiwa puani, mdomoni au kooni waweza kuzuia kupumua au kunyonya. Na ukichubuka hufanya kidonda na kutoka damu. Huo haungojewi. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walitangaza kuwa propranololi, dawa ya moyo na presha, huusinyaza uvimbe huo. Waliligundua jambo hilo kwa nasibu, wakimtibu mtoto maradhi ya moyo. Leo ndiyo dawa itangulizwayo, na hufaa zaidi ikianzwa mapema. Walakini ni lazima ipimwe na daktari, kwani yaweza kushusha mapigo ya moyo na sukari ya mtoto.

Liko baka jekundu au la zambarau, bapa, linalokuwapo tangu siku ya kuzaliwa. Hilo haliondoki lenyewe, bali hukua pamoja na mwili. Likishika paji la uso na kigubiko cha jicho, mtoto apelekwe akapimwe, maana huenda likafuatana na presha ya macho na kifafa. Tiba yake ni mwanga wa leza, ambao hurudiwa mara nyingi na hulififisha zaidi kuliko kulifuta. Ngozi nyeusi yataka mtaalamu aizoeaye, kwani leza yaweza kuacha weupe au weusi mpya.

Mwisho, baka kubwa jeusi, pengine lenye nywele, liangaliwe na daktari mara kwa mara. Na mtoto mwenye mabaka sita au zaidi ya rangi ya kahawa ya maziwa naye aonyeshwe daktari, kwa kuwa yaweza kuwa dalili ya maradhi ya mishipa ya fahamu.

Twawasihi wazazi: msilikate baka kwa wembe, msilichome, msilipake tindikali wala mkorogo wenye zebaki. Baka halikuwa na maumivu. Kovu la moto litakuwa nayo. Nendeni zahanati, na kutoka hapo Hospitali ya Mkoa ya Kitete. Yakizidi, iko Hospitali ya KCMC, Moshi, ambako tangu mwaka 1992 kipo chuo cha kufundishia matabibu wa ngozi. Wapagazi wa zamani walikwenda kwa miguu miezi mitatu hivi kutoka hapa mpaka pwani kwa ajili ya pembe za ndovu. Sisi tuna magari. Hatutasafiri kwa ajili ya jicho la mtoto?

Wako waulizao: je, kulitibu baka si kubadili umbile la Mungu? Twajibu: Arfaja, sahaba, alikatwa pua vitani zamani za ujahili. Akaweka pua ya fedha, ikanuka. Mtume akamwamuru aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Na mwaka 2007 maulamaa wa Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu, katika mkutano wao wa Putrajaya, Malaysia, walipitisha kuwa yajuzu kutengeneza kilema cha kuzaliwa. Kilichokatazwa ni kuchezea umbile zima kwa ajili ya urembo tu.

Na likibaki, je? Hapa ndipo imani yetu inapopimwa. Mtume s.a.w. aliwaeleza masahaba habari za Uwais wa Yemen, mtu mwenye kumtendea wema mama yake, aliyekuwa na ubarasi mwilini. Mwenyezi Mungu akamponya, ikabaki alama ya kadiri ya dirhamu moja. Mtume akamwagiza Sayyidna Umar kwamba akikutana naye amwombe amtakie maghufira. Na Umar, Amiri wa Waumini, akamtafuta katika misafara ya Yemen mpaka akampata, akamwomba.

Basi mwalimu atakayesikia chuoni mwake mtoto akiitwa “Baka” au “Madoa” asinyamaze; na aisome Sura ya Al-Hujurat, inayokataza kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya. Na mume atakayeonyeshwa mtoto mwenye alama, neno lake la kwanza liwe ni kumshukuru Mola, na la pili liwe ni kumwombea heri aliyemzaa.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu na ndimi zetu. Amin.