Nilichokiona Berlin

Tangu nirudi Ujerumani akina mama wa Masumbwe wamekuwa wakiniuliza, “Mama muuguzi, Berlin ikoje?” Naona niwajibu wote pamoja, maana wako kati yenu watakaoalikwa siku moja na sharika rafiki za kule.

Kwanza maandalizi. Shughulikia viza mapema. Utatakiwa kuwa na barua ya mwenyeji wako na bima ya matibabu ya safari isiyopungua euro 30,000. Chukua sweta nzito na viatu vya kutembelea, kwa kuwa mji ni mkubwa.

Kuhusu malazi, mimi nililala nyumbani kwa familia ya waumini, na ndivyo wageni wengi wa kanisa wanavyopokelewa. Anayejitegemea atapata nyumba ndogo za wageni ziitwazo Pension. Ziko pia hosteli za vijana, nazo hupokea hata watu wazima na familia nzima, ila hudai kadi ya uanachama. Popote utakapochagua, pawe karibu na kituo cha treni.

Kwa matembezi, basi namba 100 kutoka kituo cha Zoo hadi Alexanderplatz linatosha kuanzia. Linapita karibu na lango la Brandenburg, na pia jengo la Bunge lenye kuba la kioo. Kupanda kubani ni bure, mradi umejiandikisha mapema na una pasipoti. Utaona na mnara wa televisheni wenye urefu wa mita 368. Karibu na Zoo liko kanisa lililopigwa mabomu mwaka 1943. Mnara wake uliovunjika umeachwa usimame kando ya kanisa jipya, ili watoto wajue vita hufanya nini.

Mahali pawili paligusa moyo wangu zaidi. Pa kwanza ni makumbusho ya viumbe, barabara ya Invalidenstraße. Humo umesimama mjusi mkubwa wa kale, kimo chake mita 13.27. Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa na watu wetu, kichwani na mabegani, siku kadhaa kwa miguu hadi bandarini. Msimamizi wao, Boheti bin Amrani, alikuwa hodari hata mwaka 2007 wataalamu wakampa mjusi mwingine wa Tendaguru jina lake. Nilisimama pale nikifurahi na kuhuzunika kwa pamoja: kazi ni yetu, lakini mtoto wa Lindi hana nauli ya kwenda kuiona.

Pa pili ni sanamu ya Daktari Robert Koch, karibu na hospitali ya Charité. Tarehe 24 Machi 1882, katika mji huo huo, alitangaza kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Hakuwa malaika. Mwaka 1906 na 1907, kwenye visiwa vya Sese katika Ziwa Victoria, aliwatibu wagonjwa wa malale kwa dawa iliyowapofusha baadhi yao. Lakini kwa kile kijidudu, alitufungua macho.

Nilipoitazama sanamu ile niliwakumbuka vijana wetu wa maduarani na kwenye makarasha. Vumbi la mwamba huchosha mapafu, na kifua kikuu hupata mlango. Zaidi ya miaka 140 imepita tangu kijidudu kijulikane, na bado mama huniletea mwanawe akiwa mifupa mitupu, baada ya miezi ya kuambiwa amerogwa. Wengine huletwa tumechelewa kabisa.

Dada yangu, huenda usifike Berlin. Lakini mume au kijana wako akikohoa wiki mbili, akitoka jasho usiku na kukonda, mpeleke kituo cha afya makohozi yapimwe. Katika vituo vya serikali dawa hazilipiwi, na kwa kawaida humezwa miezi 6 bila kukatiza, hata akijisikia amepona. Msindikize mwenyewe, wala usione haya.